Nyumba za Wageni za Bukoba

Mji hujulikana kwa namna umpokeavyo mgeni. Msafiri akifika mahali asipopajua, jambo la kwanza aulizalo si idadi ya watu wala bei ya mashamba, bali huuliza: Nitalala wapi? Na jibu apewalo humfahamisha mengi juu ya watu wa mji ule, na mali yao, na njia ziwaleteazo wageni, na jinsi wanavyozitunza nyumba zao. Kwa ajili hiyo, katika safari yetu ya Mkoa wa Kagera, toka Muleba mpaka Bukoba, tulikusudia kuzitazama hasa nyumba za kupokea wageni: zile zilizosimama, zile zilizochakaa, na zile ambazo hazipo tena. Twawaletea wasomaji wetu tuliyoyaona na tuliyoyafahamu, nasi twatumai kwamba kila mwenye nyumba, ikiwa kubwa au ndogo, atapata humu neno la kumfaa.

Njia ya Muleba

Hapo zamani mtu atokaye Mwanza kwenda Bukoba alikuwa akipanda meli jioni, akalala juu ya maji, na asubuhi akaamka akiona vilima vya Buhaya. Siku hizi wengi huenda kwa gari. Tangu tarehe 19 Juni 2025, lilipofunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi juu ya Ghuba ya Mwanza, gari halingoji tena kivuko. Hupita Sengerema na Geita, likaingia Mkoa wa Kagera mchana kweupe, wala abiria wengi hawana haja ya kuuliza habari za kitanda. Msomaji na alikumbuke jambo hili, kwani ndilo ufunguo wa mengi tutakayoyaeleza: nyumba ya wageni hufuata njia, na njia ikihama, nyumba hubaki pale pale ilipojengwa.

Muleba ni wilaya ya vilima na migomba na maji. Upande wa mashariki liko Ziwa Viktoria pamoja na visiwa vya Bumbire, Ikuza na Goziba, ambavyo wakazi wake hutegemea uvuvi. Upande wa bara ardhi hupanda mpaka nyanda za juu za Kamachumu, ambako hewa ni ya baridi na mvua si haba. Tuliiacha njia kuu, tukashika ile ipandayo Kamachumu na kuteremkia Muhutwe. Nyumba za huko hazionekani kwa mbali, kwa kuwa kila moja imejificha ndani ya shamba lake la migomba na mibuni, ambalo wenyeji huliita kibanja. Mgeni asiyejua hudhani kwamba apita msituni, kumbe apita katikati ya watu wengi.

Nyumba ya asili ya Wahaya yaitwa mushonge. Ni nyumba ya duara, iliyosukwa kwa miti na matete, ikaezekwa kwa nyasi toka kileleni mpaka karibu na ardhi, mfano wa mzinga mkubwa. Siku hizi imekuwa adimu, na aghlabu nyumba zilizomo vibanjani ni za tofali na mabati. Tulimwuliza mzee mmoja wa upande wa Kamachumu, aliyelelewa ndani ya mushonge, ilikuwaje nyumba ya nyasi ikadumu toka babu hata mjukuu. Akatujibu kwamba nyumba haikudumu yenyewe, bali wao ndio waliokuwa wakiidumisha: nyasi zilizooza zikatolewa na mpya zikatiwa, mti ulioliwa na mchwa ukabadilishwa, na kila kijana wa nyumba akajua kazi yake kabla hajaoa. Neno hili tulilichukua pamoja nasi mpaka Bukoba, na huko tuliona ukweli wake.

Na katika nchi hii mgeni akiisha kuketi, huletewa buni. Hii si kahawa ya kunywa. Ni matunda ya mbuni yaliyochemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, yakakaushwa, nayo hutafunwa polepole huku mazungumzo yakiendelea. Wahaya walikuwa na mibuni yao kabla Mzungu hajafika, na tunda moja lenye punje mbili lilitumika hata katika kufunga udugu baina ya watu wawili wasiozaliwa pamoja. Basi kahawa, ambayo baadaye iliuzwa ng'ambo na kuujenga mji, kwanza ilikuwa kitu cha mgeni. Nyumba ya kupokelea mgeni ilikuwa nyumba ya kila mtu, wala hapakuwa na haja ya kuandika juu ya mlango kwamba hapa hupokewa wageni.

Mji Uliozaliwa na Ziwa

Kutoka Muhutwe njia huteremka kuelekea Kemondo, penye bandari, kisha huingia Bukoba. Mji umekaa baina ya vilima na ufuko, na mbele yake majini kisiwa cha Musira, chenye majabali, chasimama kama mlinzi. Karibu na ufuko yako majengo ya zama za Wajerumani, na miongoni mwake lipo lile liitwalo Duka Kubwa, ambalo ndilo duka la kwanza la bidhaa za kila namna kuwako mjini. Ukuta wake mnene na paa lake lililozeeka humwonyesha mgeni kwamba mji huu ulianza kwa boma na duka, karibu na mahali palipotia nanga vyombo.

Mwanzo wake ni huu. Mwezi wa Novemba 1890 Emin Pasha, Mjerumani ambaye zamani alikuwa gavana wa jimbo la Ikweta chini ya serikali ya Misri, alifika hapo kwa niaba ya Wajerumani akaweka kituo, kisha akamwachia ofisa aitwaye Langheld. Mwaka 1906 Bukoba ikafanywa makao ya mwakilishi wa serikali ya Kijerumani, kwa utaratibu ule ule uliofanywa Rwanda na Burundi, yaani wafalme wenyeji, Bakama, waliachiwa sehemu ya madaraka juu ya watu wao. Lakini ukarimu wa nchi hizi haukuanza na boma. Wafanya biashara Waarabu na Waswahili waliotoka Tabora walikuwa na makazi yao Kafuro, katika Karagwe, kwa idhini ya mfalme. Na mwaka 1861, Speke na Grant walipopita wakitafuta chanzo cha Nile, Mfalme Rumanyika aliwapokea kwa heshima kubwa. Hao wote walikuwa wageni wa mtu, si wageni wa hoteli.

Kilichobadilisha mambo ni reli na meli. Mwishoni mwa mwaka 1901 reli ya Uganda ilifika Kisumu, na meli zikaanza kulizunguka ziwa. Ngozi na kahawa za Buhaya zikapata njia ya kwenda Mombasa, na nguo na chumvi na mafuta ya taa zikarudi. Bukoba ikawa mlango. Mlango huo ulivunjwa kwa nguvu wakati wa vita: tarehe 22 na 23 Juni 1915, Waingereza walikuja kwa meli kutoka Kisumu, wakaipiga Bukoba, wakalibomoa boma pamoja na mnara wa simu ya upepo, na mji ukatekwa nyara. Kisha wakaondoka, na mwaka uliofuata wakaja kuitwaa nchi. Mwaka 1928 reli ya kati ilifika Mwanza, na tangu hapo mtu wa Bukoba aliweza kwenda Dar es Salaam kwa meli na garimoshi.

Ndipo hoteli ikawa na kazi. Meli haina saa kama ya garimoshi. Upepo na mizigo huichelewesha, na abiria atakaye kuondoka hana budi kulala mjini akingoja. Mnunuzi wa kahawa huja msimu wa mavuno akakaa siku nyingi. Ofisa wa serikali huja kukagua akataka kitanda na maji ya moto. Kwa watu wa namna hii ilikuwapo Lake Hotel, hoteli ya zama za ukoloni iliyo karibu na ufuko, ambayo kwa miaka mingi jina lake lilikuwa mashuhuri kwa wasafiri wa ziwa.

Haifai, hata hivyo, kuzisifu hoteli za zama zile pasipo kusema ukweli wake wote. Katika miji ya Tanganyika ya ukoloni kila taifa lilikuwa na mtaa wake: Wazungu mbali, Wahindi katika maduka, na Waafrika upande wao. Hoteli ya vitanda ilikuwa ya Wazungu, wala Mwafrika hakuingia humo ila kwa mlango wa nyuma, naye amevaa kanzu nyeupe ya mhudumu. Msafiri wetu wa kawaida alifikia kwa jamaa, au kwa mtu wa kijiji chake aliyehamia mjini, au alipewa mkeka katika ua wa msikiti. Neno lenyewe hoteli, katika vinywa vya watu wa miji yetu, likawa na maana ya mahali pa kupata chai na chapati, kwa kuwa hiyo ndiyo hoteli waliyoruhusiwa kuketi ndani yake. Kwa hiyo tunapotaja fahari ya jengo la kale, na tuwakumbuke pia waliopiga pasi mashuka yake na kupika chakula chake, kwani nao waliijenga sifa yake.

Mambo yakageuka polepole. Mwaka 1950 wakulima wa kahawa waliandikisha chama chao kikuu cha ushirika, na fedha za kahawa, ambazo zamani zilikwenda kwa wachuuzi, zikaanza kusomesha watoto na kujenga nyumba za tofali vibanjani. Baada ya uhuru ushirika wa wakulima ukawa na hoteli yake mwenyewe ufukoni. Mwaka 1961 meli ya Victoria, iliyotengenezwa Scotland na kuunganishwa Kisumu, ilianza kazi, na safari zake zikaunganisha bandari za nchi tatu. Mkulima wa Kamachumu sasa aliweza kuingia hotelini kwa mlango wa mbele, akaketi, akaagiza chai, akalipa kwa fedha ya buni yake. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na mwenye kulibeza hajui lilivyogharimu.

Wageni Walivyopungua

Jengo halifi siku sururu inapolipiga. Hufa kidogo kidogo, tangu siku ile wageni walipoanza kupungua. Bukoba ilipatwa na misiba iliyofuatana, na kila mmoja uliondoa sehemu ya wageni wake.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na meli zilizokuwa za wote zikagawanywa. Victoria ikawa ya Tanzania, na ile njia ya zamani ya Kisumu, iliyouzaa mji, ikafungwa. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, ndege zake zikadondosha mabomu hata Bukoba, na daraja la Kyaka juu ya Mto Kagera likavunjwa. Watu wengi wakakimbia na watoto wao. Vita vilikwisha mwaka 1979, lakini nchi nzima iliachwa na uzito wa gharama zake.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa katika Mkoa wa Kagera. Hapana haja ya kueleza kwa urefu yaliyofuata. Mwenye kupita vibanja vya Muleba na Bukoba ataona makaburi ya watu wa umri mmoja, na nyumba zilizolelewa na bibi pamoja na wajukuu. Msiba ule uliwaondoa hasa watu wa makamo, wale ambao ndio huwa wenye maduka, na wasafiri, na mafundi, na warithi wa kuzitengeneza nyumba. Kisha mwaka 1989 mapatano ya mataifa juu ya bei ya kahawa yalivunjika, bei ikaanguka, na mkulima akakosa hata fedha ya mabati.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya Bukoba, iliyopakia abiria Bukoba na Kemondo, ilizama ikiwa imekaribia Mwanza. Mamia ya watu walipotea. Kagera nzima ilitanda matanga, na kwa watu wengi meli ikawa kitu cha kuogopwa. Barabara za lami zilipokuja baadaye, upande wa Mutukula mpaka Uganda na upande wa Muleba mpaka Mwanza, abiria waliopenda nchi kavu walizishangilia, na hawana lawama. Victoria yenyewe ilitengenezwa upya ikarudi kazini mwaka 2020, nalo ni jambo la furaha. Lakini zile siku ambazo mji mzima uliamka kwa honi ya meli zimekwisha.

Hebu msomaji aitazame hoteli ya ufukoni katikati ya misiba hii. Vyumba ni vile vile, bali walalao ni wachache. Fedha iingiayo yatosha mshahara wa mlinzi na mpishi, haitoshi rangi. Mwaka wa pili haitoshi mabati. Maji ya mvua hupata tundu moja darini, yakauozesha mti mmoja, na mti ule ukiegemea mwingine, huushusha nao. Mgeni mmoja aliyelala vibaya huwaonya kumi. Mwenye fedha mpya hajengi hoteli yake karibu na bandari. Huijenga karibu na stendi ya mabasi au juu mlimani, yenye maegesho ya magari. Wasafiri walioipita Lake Hotel miaka ya baadaye waliitaja kwa fahari yake iliyofifia kuliko kwa starehe yake. Hivyo ndivyo jengo linavyohukumiwa kabla halijafika mbele ya hakimu.

Siku ya Tetemeko

Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi alasiri, siku chache kabla ya Idi ya kuchinja, ardhi ya Kagera ilitetemeka kwa nguvu ya kipimo 5.9. Mahali lilipoanzia ni upande wa Misenyi, karibu na Nsunga, lakini Bukoba iliumia sana. Katika muda mfupi kuliko wa kuitamka Fatiha, nyumba zilizochukua miaka kujengwa zilikuwa vifusi. Watu 17 walifariki upande wa Tanzania, mamia walijeruhiwa, na maelfu ya nyumba zilianguka au kupasuka hata hazifai kulaliwa. Shule za Ihungo na Nyakato, ambazo zimewatoa watu wengi mashuhuri, ziliharibika hata zikafungwa kwa muda. Idi ile, jamaa nyingi ziliisherehekea chini ya maturubai.

Baada ya siku ile, jina la nyumba ya kale lilibadilika maana masikioni mwa watu wa Bukoba. Zamani lilikuwa na maana ya kumbukumbu. Sasa likawa na maana ya hatari. Ukuta uliopasuka uliwekwa alama, na uliopewa hukumu ya kubomolewa ukabomolewa. Nasi twasema kwa unyofu kwamba ilipasa iwe hivyo. Hapana jengo, hata likiwa na miaka 100, lililo na thamani ya roho ya mtoto mmoja alalaye chini yake. Mtu apendaye mambo ya kale akisahau jambo hili, mapenzi yake si mapenzi, ni upumbavu.

Lakini mafundi waliotazama vifusi walifahamu jambo jingine. Si uzee uliozibomoa nyumba. Zilianguka nyingi zilizokuwa mpya pamoja na za zamani. Zilizoanguka aghlabu ni zile ambazo tofali zake ziliungwa kwa udongo, au ambazo hazikufungwa ule mkanda wa zege uitwao lenta wenye nondo ndani yake, au ambazo ukuta wake ulikuwa umeliwa na unyevu miaka mingi bila kutazamwa. Nyumba ya mzee wa miaka 80 iliyofungwa vema na kutengenezwa kila mwaka ilikuwa na salama kuliko nyumba ya kijana iliyojengwa kwa haraka. Hapo tukalikumbuka neno la yule mzee wa Kamachumu: nyumba haidumu yenyewe.

Sururu na Kiwanja

Iko sababu nyingine ibomoayo, nayo haitoki ardhini bali hutoka katika hesabu. Mji ukikua, kiwanja cha katikati hupanda bei mpaka kikawa na thamani kubwa kuliko jengo lililo juu yake. Hapo mwenye mali hulitazama jengo la kale kama mtu atazamaye mti uliomea juu ya dhahabu.

Mfano mashuhuri nchini ni ule wa Dar es Salaam. Wajerumani walijenga hapo hoteli iliyoitwa Kaiserhof, ikamalizika mwaka 1906. Baada ya vita vya kwanza ikaitwa New Africa, na kwa miaka mingi ilikuwa kitovu cha mji. Katika miaka ya 1990 jengo lile liliondolewa, na mahali pake pakasimama hoteli mpya ndefu yenye jina lile lile. Jina limebaki, kiwanja kimebaki, kazi ya kulaza wageni imebaki. Bali kijana wa leo apitaye hapo hana ukuta hata mmoja wa kumwonyesha mahali babu yake alipokatazwa kuketi. Hasara ya namna hii haiandikwi katika daftari la mapato, lakini ni hasara.

Na upande wa pili upo mfano wa Unguja. Jumba la Beit el Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 na Sayyid Barghash, hakuna aliyetaka libomolewe; lilisifiwa na dunia nzima. Juu ya hayo, tarehe 25 Desemba 2020, lilipokuwa katika kutengenezwa, sehemu yake kubwa ilianguka na watu wawili wakafa. Miaka ya kupuuzwa ilikuwa mingi kuliko miezi ya matengenezo. Basi sifa peke yake haizuii ukuta kuanguka, kama ambavyo kumsifu mgonjwa hakumponyi.

Wengine watauliza, Je, sheria haizilindi nyumba hizi? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iko, lakini ulinzi wake wa moja kwa moja huyafikia majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Boma la kwanza la Bukoba liliwekwa mwaka 1890. Kwa hiyo jengo la Bukoba halilindwi kwa umri wake peke yake. Lahitaji kutangazwa na serikali, na ili litangazwe sharti wapo watu wa kulisemea. Mji usiozijua nyumba zake hauna la kusema siku ya sururu.

Wajibu wa Wenye Nyumba

Pengine msomaji atasema moyoni, Mimi sina hoteli. Haya yanihusu nini? Twamjibu kwamba yamhusu sana. Hoteli ni nyumba kubwa tu, na magonjwa yake ndiyo magonjwa ya nyumba zetu. Tazama katika mtaa wowote wa kale, Bukoba au Tabora au Tanga, uulize ile nyumba yenye madirisha yaliyong'oka ni ya nani. Mara nyingi utajibiwa kwamba ni ya marehemu fulani. Marehemu hana nyumba! Nyumba ni ya warithi. Lakini warithi hawakugawana, wala hawakukubaliana nani akae, nani apangishe, na nani atoe fedha ya mabati. Mmoja yuko Mwanza, mwingine Kampala, wa tatu hasemi na wa nne. Kila mmoja aona aibu kutengeneza kwa fedha yake nyumba ya wote, na hakuna aonaye aibu kuiacha ianguke. Mwisho huja mnunuzi wa kiwanja, na fedha chache zilizogawanywa huisha kabla ya mwaka, na jina la mzee limefutika mtaani.

Dini yetu imeyapanga mambo ya mirathi kwa ukamilifu, tena imetupa njia ya wakfu kwa atakaye mali yake iwafae watu baada yake. Lakini hata wakfu wataka msimamizi mwaminifu na fungu la matengenezo. Atoaye nyumba iwe ya kulaza wasafiri au wanafunzi, asipotenga kitu cha kuezekea paa, amewaachia watu mzigo badala ya thawabu. Na asipoandika wasia ulio wazi, amewaachia ugomvi.

Tena, kabla ya kusema kwamba nyumba ya kale ibomolewe, na iulizwe kwa fundi aijuaye kazi, si kwa mnunuzi. Ufa uko wapi, ni wa lipu au ni wa ukuta? Msingi umekaa? Yawezekana kufungwa lenta na kutiwa nguzo? Ikiwa jibu ni kwamba haifai, na ibomolewe upesi kabla haijaua mtu. Ila kwanza na ipigwe picha, ipimwe, na wazee waulizwe habari zake, nani aliijenga na nani alilala humo. Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Kijana mwenye simu yake na daftari aweza kuifanya kwa siku moja, na wajukuu watamshukuru. Na ikiwa jibu ni kwamba nyumba yafaa, basi mwenye nyumba na ajue kwamba bati moja la mwaka huu ni rahisi kuliko paa zima la mwaka kesho kutwa. Wahenga wamesema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa Bukoba wamelijua neno hili kwa macho yao.

Juu ya ukarimu wenyewe, hatukuuona umepungua. Hoteli mpya zinafunguliwa, ndege hutua ukingoni mwa ziwa, na mabasi hushusha watu toka asubuhi mpaka usiku. Vibanjani Muleba buni bado huletwa mbele ya mgeni kabla hajaulizwa shida yake. Kilichopungua ni ile bidii ya kutunza kilichokwisha jengwa, na bidii hiyo yaweza kurudishwa. Kila jamaa na ianze na nyumba iliyo yake: Ijumaa moja, baada ya Sala, waketi ndugu waliorithi pamoja, waitazame dari, wahesabu mabati yaliyotoboka, waandike nani atatoa nini, na wamtaje mmoja wao awe msimamizi. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia katika nyumba hizi, awape subira waliofiwa katika ziwa na katika tetemeko, na atujaalie sisi kuwa walinzi wema wa amana tuliyoachiwa.